GB 2 kwa sekunde kutoka SSD ya SATA: jinsi ya kupima mfumo wa faili bila kupima RAM

Swali: Msomaji anayehudumia kompyuta katika ofisi ya upimaji ardhi anauliza hivi: "Ofisi yetu hutengeneza ramani kutokana na picha za droni. Tuna kompyuta za kazi sita zinazotumia Ubuntu na mfumo wa faili wa ext4. Nne ni za zamani, zina SSD za SATA na RAM ya GB 64. Mbili ni mpya, zina SSD za NVMe (aina yenye kasi zaidi kuliko SATA) na RAM ya GB 16. Nilizipima zote kwa amri ya dd, inayonakili data na kutaja kasi yake, kwa kuandika faili la GB 1, na kila moja ikatoa takriban GB 2 kwa sekunde. Hata hivyo wachora ramani wanalalamika kwamba mashine mpya ni nzito kuliko za zamani wanaporudia kuchakata mradi uleule, ambao huwa na GB 40 hivi, na kwamba kukata ramani kuwa vigae, yaani vipande vidogo vya picha, huchukua muda mrefu kwenye mashine zote. Umeme wetu hukatika mara kwa mara. Nipime vipi ili nijue kosa liko kwenye diski, kwenye mfumo wa faili au kwenye programu?"

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na ile namba ya GB 2 kwa sekunde, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu. Kiunganishi cha SATA cha kizazi cha tatu hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde, na kwa kuwa kila biti 8 za data husafirishwa kwa biti 10, kinachobaki kwa ajili ya data ni megabaiti 600 kwa sekunde. SSD nzuri ya aina hiyo hufika 550 hivi na kuishia hapo. Haiwezekani kwa vyovyote kwamba SSD zenu za zamani zilipokea GB 2 kwa sekunde. Ulichopima kwenye mashine zote sita ni kasi ya kunakili data kutoka sehemu moja ya RAM kwenda sehemu nyingine, na ndiyo maana mashine zenye diski zisizofanana hata kidogo zilitoa namba zinazofanana.

Linux huandika kwa kuahirisha. Programu inapoomba kuandika, kiini cha mfumo hunakili data kwenye kurasa za RAM zinazoitwa kache ya kurasa, huzitia alama kwamba bado hazijafika kwenye diski, kisha huijibu programu kwamba kazi imekwisha, kama karani wa posta anayekupa risiti kabla barua haijatoka kaunta. Kwa mipangilio ya kawaida, kurasa hizo huanza kusukumwa kwenye diski zikitimiza umri wa sekunde 30, au zikifikia asilimia 10 ya RAM inayoweza kutumika, na ni pale tu zinapokaribia asilimia 20 ndipo programu inayoandika hulazimishwa kupunguza mwendo. Kwenye mashine ya GB 64 kizingiti cha kwanza ni takriban GB 6, na kwenye ya GB 16 ni kama GB 1 na nusu. Faili lako la GB 1 lilikuwa chini ya vizingiti vyote viwili, kwa hiyo dd ilimaliza na kukupa namba yake kabla diski haijaguswa sana.

Ukitaka dd ihesabu pia muda wa kufikisha data kwenye diski, iamuru hivi:

dd if=/dev/zero of=/data/jaribio/faili bs=1M count=32768 conv=fdatasync status=progress

Neno fdatasync mwishoni huilazimisha isubiri hadi data yote ya faili itoke kwenye RAM kabla ya kusimamisha saa. Wapo wanaotumia oflag=direct badala yake, ambayo hupitisha kila kipande kando ya kache; hicho ni kipimo kingine, kwa sababu dd hutuma ombi moja, hulisubiri, kisha hutuma la pili, na SSD za NVMe haziwezi kuonyesha uwezo wao kwa mtindo huo. Kumbuka pia kwamba /dev/zero hutoa sifuri tupu. Kwenye ext4 hilo halina madhara makubwa, lakini kwenye mifumo mingine ya faili kama ZFS au Btrfs iliyowashwa ubanaji wa data, sifuri za GB 32 hubanwa zikawa karibu si kitu, na namba utakayoipata itakuwa hadithi. Mimi dd huitumia kwa ukaguzi wa haraka tu, kwa mfano kujua kama kebo au nafasi ya NVMe ina hitilafu. Maamuzi ya ununuzi siyafanyi kwa dd.

Sasa tuje kwenye malalamiko yenyewe. Watumiaji wako hawakusema kwamba mashine mpya ni nzito siku zote. Walisema ni nzito wanaporudia mradi uleule. Hicho ni kidokezo kizito kuliko kipimo chochote cha dd. Kache ya kurasa haitumiki katika kuandika peke yake: kila faili linalosomwa hubaki kwenye RAM maadamu kuna nafasi, na likisomwa tena hutolewa kwenye RAM bila diski kuulizwa. Mradi wa GB 40 huenea ndani ya GB 64, tena nafasi ya programu ikabaki. Ndani ya GB 16 hauenei, na jambo baya zaidi ni kwamba programu inayosoma picha zote kwa mpangilio kutoka ya kwanza hadi ya mwisho huzifukuza picha za mwanzo ili kupata nafasi ya za mwisho, kisha ikianza mzunguko wa pili inakuta za mwanzo hazipo, inazisoma upya, na kwa kufanya hivyo inazifukuza za mwisho. Kache inakuwapo na haisaidii kitu. Kwa hiyo dhana yangu ya kwanza ni kwamba mashine za zamani zinasoma mradi kwa kasi ya RAM, na mpya zinausoma kwa kasi ya NVMe, ambayo pamoja na sifa zake zote iko mbali chini ya kasi ya RAM.

Dhana hiyo inapimika kwa gharama ndogo. Chukua mashine moja ya zamani na moja mpya, nakili mradi uleule kwenye zote mbili, kisha ufute kache kabla ya kuanza:

sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches

Amri ya sync hutangulia kwa sababu drop_caches haiwezi kutupa kurasa ambazo bado hazijaandikwa kwenye diski. Endesha kazi halisi, ileile wanayoifanya wachora ramani, ukipima muda kwa saa na huku iostat -x 1, amri inayoonyesha kila sekunde jinsi diski inavyotumika, ikiandika kwenye faili. Kisha uirudie bila kufuta kache. Utakuwa na namba nne: mashine mbili, kila moja ikiwa baridi (kache ni tupu) na ikiwa imepata moto (kache ina data ya mzunguko wa kwanza). Kama dhana ni sahihi, mashine mpya itashinda katika mzunguko wa baridi na kushindwa katika wa pili, na safu ya rkB/s ya iostat, yaani kilobaiti zilizosomwa kwa sekunde, itaonyesha kwamba katika mzunguko wa pili mashine ya zamani haikusoma karibu chochote kutoka kwenye diski, ilhali mpya ilisoma tena karibu mradi mzima. Amri ya fincore, iliyomo katika kifurushi cha util-linux, itakuonyesha pia ni sehemu gani ya kila faili iliyomo kwenye kache kwa wakati huo.

Uthibitisho wa mwisho ni kuidhoofisha mashine ya zamani kwa makusudi. Iwashe ukiwa umeongeza mem=16G kwenye mstari wa kiini cha Linux katika GRUB, programu inayokiwasha, na itajiona kuwa na GB 16 tu. Ikiwa mzunguko wake wa pili sasa ni wa polepole kama wa mashine mpya au kuliko huo, kesi imekwisha: ext4 haina hatia, NVMe haina hatia, na anayetakiwa kufika mbele ya baraza ni aliyeagiza mashine zenye RAM ya GB 16 kwa kazi ya GB 40. Hatua hii nasisitiza isirukwe, kwa sababu mashine mbili zinazotofautiana katika mambo matano, yaani diski, RAM, kichakato, toleo la kiini na umri, haziwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo matano lililoleta tofauti mpaka ulibadilishe moja na kuyaacha mengine.

Wakati kazi inaendelea, angalia pia mafaili mawili ambayo wengi hawayajui: /proc/pressure/io na /proc/pressure/memory. Yalianza na Linux 4.20 mwaka 2018, na huonyesha ni asilimia ngapi ya muda ambapo kazi fulani ilisimama ikisubiri diski au ikisubiri RAM. Mstari wa some hueleza muda ambapo angalau kazi moja ilikuwa imekwama. Mstari wa full hueleza muda ambapo kazi zote zilizokuwa na la kufanya zilikwama pamoja. Ikiwa io inasoma karibu na sifuri huku kiini kimoja cha kichakato kikiwa asilimia 100, achana na diski kabisa na uende ukazungumze na programu. Nakutahadharisha juu ya safu ya %util ya iostat, ambayo wengi huitumia kama hukumu. Kwenye diski ya sahani (HDD) inayohudumia ombi moja kwa wakati mmoja, asilimia 100 ilikuwa na maana ya kwamba diski imefika ukomo. SSD huhudumia maombi mengi kwa pamoja, kwa hiyo asilimia 100 maana yake ni kwamba muda wote kulikuwa na angalau ombi moja ndani yake, na huenda bado ina uwezo wa kupokea mara kumi ya hapo. Safu zenye maana zaidi ni r_await na w_await, yaani milisekunde ambazo ombi lilisubiri, zikisomwa pamoja na aqu-sz, ambayo ni urefu wa foleni.

Baada ya kujua kazi yako inafanya nini, ndipo vipimo vya maabara vinapokuwa na faida. Chombo ninachokipendekeza ni fio, kilichoandikwa na Jens Axboe, ambaye ndiye msimamizi wa tabaka la vifaa vya hifadhi katika kiini cha Linux. Vipo vingine vya zamani kama Bonnie++ na IOzone, na kwenye Windows wengi hutumia CrystalDiskMark, ambayo kwa ndani huendesha DiskSpd ya Microsoft. Havina ubaya, lakini fio hukuruhusu kueleza kazi yako kwa undani, na hutoa mgawanyo wa nyakati za kusubiri badala ya wastani peke yake. Iendeshe daima kwa kutumia --directory inayoelekea kwenye folda ya majaribio. Usiielekeze kwenye /dev/nvme0n1 au kifaa kingine kizima ukiwa na jaribio la kuandika, kwa sababu itatii, na itaandika juu ya mfumo wa faili na kila kilichomo.

Kwa picha za droni, ambazo ni mafaili ya megabaiti kadhaa yanayosomwa kwa mfululizo, jaribio lifaalo ni hili:

fio --name=mfululizo --directory=/data/jaribio --rw=read --bs=1M --size=32G --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=8 --runtime=60 --time_based

Kwa mafaili ya faharasa na hifadhidata ndogondogo ambazo programu za ramani huzitumia kwa kurukaruka, tumia hili:

fio --name=nasibu --directory=/data/jaribio --rw=randread --bs=4k --size=32G --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=1 --runtime=60 --time_based

Tofauti kubwa kati ya majaribio haya mawili iko kwenye iodepth, yaani idadi ya maombi yaliyo njiani kwa wakati mmoja, na hapa ndipo matangazo ya biashara yanapomuacha mnunuzi njiani. Namba za juu zilizoandikwa kwenye boksi la SSD hupatikana kwa maombi mengi kwa pamoja. Programu za kompyuta ya kazi mara nyingi huomba kimoja, husubiri, hutumia ilichopata, kisha huomba kingine. Piga hesabu mwenyewe: kama ombi moja la kilobaiti 4 huchukua mikrosekunde 80, kwa sekunde moja yatapita maombi 12,500, na kila moja lina baiti 4,096, kwa hiyo jumla ni megabaiti 51 hivi kwa sekunde. SSD ileile iliyoandikwa megabaiti 3,500 kwa sekunde! Hakuna udanganyifu katika namba yoyote kati ya hizo mbili. Zinajibu maswali mawili tofauti. Ndiyo maana mtu anayetoka SATA kwenda NVMe huona nakala ya faili kubwa ikiruka, lakini programu zake zinafunguka kwa muda uleule aliouzoea. Ningelazimishwa kuchagua namba moja tu ya kulinganisha kompyuta za kazi, ningechukua hii ya kusoma kwa nasibu ikiwa na foleni ya ombi moja.

Katika matokeo ya fio usiishie kwenye wastani. Shuka hadi kwenye sehemu ya clat percentiles, ambako utaona, kwa mfano, muda ambao maombi 99 kati ya 100 yalikamilika chini yake. Mashine yenye wastani wa mikrosekunde 90 lakini ambayo ombi moja katika kila mia husubiri milisekunde 20 itamuudhi mtumiaji kuliko yenye wastani wa 120 usiotikisika. Uangalie na vipimio: fio huandika MiB na MB kwa pamoja, ambapo MiB moja ni baiti 1,048,576 na MB moja ni baiti 1,000,000, na tofauti hiyo ya karibu asilimia 5 imewahi kuzaa mabishano marefu kati ya watu waliokuwa wamepata jibu moja.

Kuandika kwa muda mrefu ni mada ya pekee, na kwa ofisi yenu ni muhimu, kwa sababu kumwaga picha za siku nzima kutoka kwenye kadi za droni ni kuandika makumi ya gigabaiti bila kupumzika. SSD nyingi za bei ya kawaida huhifadhi biti 3 au 4 katika kila seli, jambo linalozifanya ziandike polepole, na ili kuficha udhaifu huo hutenga sehemu inayoandikwa biti moja kwa seli, ambayo hupokea data kwa kasi na kuihamisha baadaye. Sehemu hiyo ikijaa, kasi huanguka. Samsung yenyewe hutaja katika vipimo vya 870 QVO ya TB 1 kwamba huandika MB 530 kwa sekunde, kisha MB 80 kwa sekunde baada ya hifadhi hiyo ya haraka, yenye GB 42, kujaa. MB 80 ni chini ya kasi ya diski nyingi za sahani. Jaribio la GB 1, hata likiwa na fdatasync, halitauona ukuta huo kamwe. Andika angalau GB 100 kwa fio ukiwa umeongeza --rw=write, --write_bw_log na --log_avg_msec=1000, kisha chora grafu ya kasi kwa kila sekunde; ukuta ukiwapo utauona kwa macho, na utajua pia uko baada ya gigabaiti ngapi. Jaribio hilo hula uhai wa SSD kidogo, kwa hiyo lifanye mara chache na kwa sababu.

Vigae navyo ni kisa tofauti kabisa, na hapa ndipo mfumo wa faili wenyewe, mbali na diski, unapoingia kizimbani. Kigae cha pikseli 256 kwa 256 ni faili la kilobaiti chache, na kila ngazi ya ukuzaji huzidisha idadi kwa nne, kwa hiyo ngazi yenye vigae 10,000 hufuatwa na yenye 40,000, kisha 160,000. Kasi ya megabaiti kwa sekunde haielezi kitu katika kazi hii. Kinachopimwa ni mafaili mangapi yanaweza kuundwa kwa sekunde, yaani mara ngapi mfumo unaweza kutenga ingizo jipya, kuandika jina kwenye folda na kurekodi badiliko hilo katika jounali, yaani daftari lake la mabadiliko. Jaribio ninalolipenda ni la kizamani. Funga seti moja halisi ya vigae katika faili la tar, lisome mara moja ili liwe kwenye RAM, kisha upime kulifungua:

cat vigae.tar > /dev/null; time sh -c 'tar -xf vigae.tar -C /data/jaribio && sync -f /data/jaribio'

Kwa njia hii kusoma hakumo katika hesabu, kinachobaki ni kuunda mafaili. Kwa kulinganisha, pima muda wa programu inayokata vigae hivyohivyo. Kama tar huunda vigae 100,000 kwa sekunde chache na programu yenu huchukua nusu saa, mfumo wa faili umeachiwa huru, na wakati unapotea katika kukokotoa upya pikseli za picha na kuzibana. Kwa kuwa umesema kazi hii ni nzito kwenye mashine zote, za SATA kwa za NVMe, nashuku hivyo. Kama mnatumia gdal2tiles, programu ya kukata vigae, fahamu kwamba bila kuambiwa hutumia kiini kimoja cha kichakato. Chaguo la --processes huipa viini vingine. Badiliko hilo la neno moja huenda likawa na faida kuliko diski yoyote mtakayonunua.

Kwa kuwa tumegusa vigae, kagua pia df -i. Mfumo wa ext4 hutenga idadi ya maingizo ya mafaili siku unapoundwa, kwa kawaida ingizo moja kwa kila kilobaiti 16, ambayo kwenye diski ya TB 1 ni milioni 61 hivi, na idadi hiyo haiongezeki bila kupanua mfumo wenyewe. Ofisi inayohifadhi vigae vidogo kwa miaka inaweza kuambiwa nafasi imekwisha huku df ya kawaida ikionyesha gigabaiti tele. Isitoshe, kigae cha baiti 700 hukalia bloku nzima ya baiti 4,096. Mpangilio wa MBTiles, unaoweka vigae vyote ndani ya hifadhidata moja ya SQLite, huondoa matatizo hayo mawili kwa pamoja, na hufanya kunakili ramani kwenda kwenye diski ya nje kuwe kazi ya faili moja badala ya mafaili laki kadhaa.

Yapo masharti ambayo yasipotimizwa vipimo vyako havitalinganishika. Mashine zote ziwe na nafasi wazi ya kutosha, kwa sababu SSD iliyokaribia kujaa huandika polepole kuliko iliyo nusu tupu, na fstrim, amri inayoijulisha SSD nafasi zisizotumika tena, iwe imepita kabla ya majaribio. Kama baadhi ya mashine zina usimbaji fiche wa LUKS na nyingine hazina, hizo ni makundi mawili. Angalia joto la NVMe kwa smartctl wakati wa jaribio refu, kwani SSD ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na ndani ya kasha lililojaa vumbi katika chumba kisicho na kiyoyozi hali hiyo haichelewi kufika. Rudia kila jaribio angalau mara tano, uripoti thamani ya katikati pamoja na ya chini na ya juu. Kama ya juu ni maradufu ya ya chini, kuna jambo hujalidhibiti, na kuchukua wastani ni kulifunika. Haya hayadharauliwi na mafundi peke yao. Mwaka 2008 Avishay Traeger, Erez Zadok na wenzao walipitia vipimo 415 vya mifumo ya faili na hifadhi kutoka makala 106 za kitaalamu, wakahitimisha kwamba vipimo vingi vinavyopendwa vina kasoro.

Limebaki suala la umeme. Utakapoanza kupima fsync, yaani muda wa kuhakikisha kwamba data imefika mahali ambapo umeme ukikatika haipotei, utakutana na namba zitakazokushtua. Ongeza --fsync=1 kwenye jaribio la kuandika vipande vya 4k, na SSD ya mezani iliyokuwa ikijibu kwa mikrosekunde huenda ikajibu kwa milisekunde, kwa sababu haina kapasita za kuihifadhi data iliyomo katika kumbukumbu yake ya ndani umeme ukizimika, hivyo hulazimika kuiandika kwenye seli kila inapoombwa. Diski ya sahani ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja, na muda wake wa fsync huwa karibu na hapo. Utapata ushauri mtandaoni wa kuweka barrier=0 kwenye mipangilio ya ext4, na kwa kweli namba zitapanda sana. Zitapanda kwa sababu umeiambia ext4 isiagize tena diski kumwaga kumbukumbu yake ya ndani, na umeme ukikatika jounali inaweza kukuta maandishi yake yamefika bila mpangilio, na mfumo mzima wa faili kuharibika. Mahali penu umeme hukatika, msifanye hivyo. Kipimo cha fsync kitumie kuchagua SSD, si kurekebisha mipangilio, na kama kuna hifadhidata inayoandikwa siku nzima, SSD yenye kinga ya kukatika kwa umeme italipa gharama yake hapo. Ukiona SSD ya bei ndogo isiyo na kinga hiyo inajibu fsync kwa mikrosekunde, usifurahi mapema, kwani yawezekana inajibu kabla ya kuandika.

Anza basi na jaribio la baridi na moto kwenye mashine mbili, kisha lile la mem=16G, kabla hujagusa fio, kwa kuwa ndiyo yanayojibu lalamiko mlilo nalo leo, na yanaweza kumalizika asubuhi moja. Yakionyesha ninachokitarajia, kabla ya kuagiza RAM kwa ajili ya mashine mbili mpya endesha sudo dmidecode -t memory, uone nafasi ngapi zimebaki wazi kwenye ubao mama, aina ya RAM iliyopo, na kiwango cha juu ambacho ubao unakubali. Kama kiwango hicho ni GB 32, mradi wa GB 40 bado hautaenea, na itabidi mashine hizo zipewe kazi zinazosoma picha mara moja tu, huku za zamani zikiachiwa miradi inayorudiwarudiwa.